Udongo wa Uluguru na safari yake hadi Bahari ya Hindi

ABIRIA wa basi linalotoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, anapovuka daraja la Mto Ruvu katika majira ya masika, huona chini yake maji yenye rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Wengi hutazama mara moja tu, kisha huendelea na mazungumzo yao. Lakini rangi ile si ya maji. Ni udongo wa shamba la mtu fulani na mwamba wa mlima fulani, vyote vikiwa safarini kuelekea Bahari ya Hindi.

Wanajiografia huieleza safari hiyo kwa majina mawili: mmomonyoko, yaani kung'olewa na kuchukuliwa kwa udongo na mawe kutoka mahali fulani, na ulimbikaji, yaani kutua kwa mashapo hayo mahali pengine. Katika vitabu vya shule majina hayo hupewa sura mbili tofauti, na pengine ndiyo sababu watu wazima wengi hudhani kwamba ni mambo mawili. Ukweli ni kwamba ni jambo moja lenye ncha mbili. Hakuna punje ya mchanga iliyotua ufukweni ambayo haikung'olewa kwingine, wala hakuna shamba linalopoteza udongo bila mahali pengine, mbali na hapo, kuupokea, wawe wenyeji wake wameutaka au hawakuutaka.

Nguvu zinazofanya kazi hiyo ni maji yanayotiririka, upepo, mawimbi, barafu na uzito wa ardhi yenyewe inayovutwa chini. Makala haya yanafuata zaidi njia moja, ile inayotoka milima ya Uluguru hadi pwani ya Bagamoyo na Dar es Salaam, kwa kuwa njia hiyo inagusa maji ya kunywa, nyumba na fukwe za mamilioni ya wakazi wa jiji. Tutatoka nje ya njia pale tu ambapo mahali pengine panalionyesha jambo hilo waziwazi zaidi.

Mwamba unapochakaa

Kabla udongo haujasafiri, sharti kwanza uwepo. Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, imejengwa kwa miamba migumu yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Ugumu huo haukuisaidia. Mwamba hutanuka kwa joto la mchana na kunywea kwa baridi ya usiku. Maji huingia katika nyufa zake na mizizi huzipanua. Nayo mvua, ambayo huwa na asidi kidogo kwa sababu ya kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka ndani yake, huyageuza madini magumu kuwa udongo wa mfinyanzi. Katika nchi yenye joto na mvua nyingi kama Uluguru kazi hiyo huenda haraka kuliko katika nchi kavu, ingawa "haraka" hapa ni lugha ya wanajiolojia. Tabaka la sentimita chache za udongo huhitaji mamia ya miaka ili litengenezwe, na mvua moja ya jioni yaweza kuliondoa.

Tone kubwa la mvua, lenye kipenyo cha milimita tano hivi, hufika ardhini kwa mwendo wa karibu mita tisa kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 30 kwa saa. Likiangukia jani au nyasi, nguvu hiyo huishia hapo. Likiangukia udongo mtupu, huzirusha punje pande zote, na kwenye mteremko punje nyingi zaidi hutua upande wa chini. Asiyeamini na autazame ukuta uliopakwa chokaa wa nyumba ya kijijini baada ya mvua kubwa: madoa ya udongo mwekundu yaliyopanda hadi usawa wa goti hayakupakwa na mtu.

Punje hizo zilizovunjika huziba vitundu vya udongo, maji yakakosa pa kupenya na kuanza kutiririka juu ya ardhi. Mwanzoni hutandaa kama shuka jembamba, yakichukua tabaka la juu lenye rutuba kidogo kidogo bila mwenye shamba kutambua. Baadaye hukusanyika katika vijito, vijito huchimba mifereji, na mifereji ikiachwa hugeuka makorongo.

Anayetaka kuyaona makorongo hayo na aende Kondoa, mkoani Dodoma. Katika milima ya Irangi yapo makorongo ambayo kina chake kinapita urefu wa nyumba, yaliyochimbwa na maji katika miteremko iliyopoteza miti na nyasi kwa ukataji, kilimo na malisho ya miaka mingi. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, ambao ulichimba makingamaji kwa mitambo na kupanda miti. Hayo hayakutosha. Mwaka 1979 ikachukuliwa hatua kali: mifugo yote iliondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walihamishiwa nje ya eneo hilo, na familia zilizozoea kupata maziwa na samadi uani mwao zikabaki mikono mitupu.

Nyasi zilirudi, vichaka vikafuata, na watafiti waliopita huko katika miaka ya 1980 na 1990 walikuta miteremko iliyokuwa mitupu imefunikwa tena. Kondoa sasa hutajwa mara kwa mara katika maandiko ya hifadhi ya ardhi duniani. Ni haki pia kusema kwamba gharama ya sifa hiyo ililipwa na wafugaji, si na wapangaji wa mradi; ilichukua miaka kumi hivi kabla ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini hawajaanza kuruhusiwa.

Hapo hapo Kondoa ncha ya pili ya jambo letu nayo inaonekana. Mchanga ulioshuka kutoka vilimani haukufika mbali. Ulitandaa miguuni mwa milima na kuunda mito ya mchanga, mipana na mikavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, iliyofunika ardhi nzuri ya bondeni. Mahali ambapo mchanga huo umetulia, wakulima wamejifunza kuutumia, kwa kuwa maji hubakia chini yake muda mrefu baada ya mvua kwisha. Udongo ulioharibu shamba la juu umekuwa shamba la chini, ila si la mtu yule yule.

Mlima unaposhuka wenyewe

Si udongo wote unaosafiri punje kwa punje. Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, ilinyesha mvua ya milimita zipatazo 100 katika muda usiozidi saa tatu. Maji yaliingia ardhini mpaka udongo ukalemewa na uzito wake. Yalitokea maporomoko zaidi ya 1,000, mengi yakiwa madogo, yote katika tukio moja hilo.

Paul Temple, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Anders Rapp wa Uppsala, Sweden, waliyachunguza makovu hayo, na waliyoyakuta yanafaa kukumbukwa. Karibu maporomoko yote yalianzia mashambani na kwenye miteremko ya nyasi. Machache sana yalianzia msituni, ingawa mvua ilikuwa ile ile. Mizizi ya miti hupita tabaka la juu na kushika mwamba uliochakaa chini yake, kama misumari inavyoshikilia bati. Mizizi ya mahindi na nyasi haifiki huko.

Tukio baya zaidi la aina hiyo katika miaka ya karibuni lilitokea Hanang, mkoani Manyara, tarehe 3 Desemba 2023. Mlima huo wa asili ya volkano, wenye urefu wa mita zaidi ya 3,400, ulikuwa umelowa kwa mvua kubwa za msimu huo. Sehemu ya miamba yake laini na udongo ilimeguka, ikachanganyika na maji, ikashuka mabondeni ikiwa tope zito lililobeba mawe na magogo hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki dunia. Tope la namna hiyo ni zito kuliko maji, ndiyo maana mawe makubwa huelea ndani yake yakisukumwa kama maganda ya nazi, na ndiyo maana nyumba ambayo ingestahimili mafuriko ya kawaida haistahimili tope.

Yafaa kutambua kwamba maporomoko ya Hanang hayakuwa ya kwanza katika historia ya mlima huo; ardhi tambarare yenye rutuba iliyo miguuni mwa milima ya volkano, ambayo watu huipenda kwa kilimo na makazi, kwa kiasi kikubwa imetandikwa na tope na majivu ya zamani. Mtu hujenga juu ya mashapo ya poromoko lililopita bila kujua kwamba ni poromoko.

Turudi Uluguru. Tatizo la mmomonyoko huko halikugunduliwa jana. Serikali ya kikoloni ya Uingereza iliendesha mpango wa matumizi bora ya ardhi uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao. Kwenye karatasi wazo lilikuwa zuri. Shambani, upande wa mashariki wa milima, kuchimba ngazi kulileta juu udongo wa chini usio na rutuba, mavuno yakashuka, na kazi yenyewe ilikuwa ya shuruti. Mwaka 1955 wananchi waliasi, kukatokea ghasia, na mpango ukaachwa. Kule Mgeta, ambako wakulima walikuwa na soko la mboga, ngazi ziliendelea kutumika. Mteremko ni ule ule, elimu ni ile ile, lakini upande mmoja jembe lililipa na upande wa pili halikulipa. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, hawakuhitaji kulazimishwa: tangu zamani wamelima miteremko mikali kwa mashimo yaitwayo ngolo, ambayo hupokea maji na udongo unaoteremka na kuvizuia humo humo shambani.

Mto na mizigo yake

Udongo ukishafika mtoni huingia chini ya sheria nyingine. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, uzito wa jiwe kubwa kuliko yote ambalo mto unaweza kulisukuma huongezeka, kwa makadirio ya wataalamu, hadi mara 64. Ndiyo sababu kijito ambacho mtoto hukivuka bila kukunja suruali huweza, baada ya mvua ya saa moja, kuviringisha mawe yasiyobebeka na watu wanne. Mwaka 1935 Filip Hjulström, mtaalamu mwingine wa Uppsala, alionyesha jambo ambalo lingewashangaza wengi: kinachong'olewa kwa urahisi zaidi na maji si udongo ulio laini kabisa, bali ni mchanga. Mfinyanzi hunata na huhitaji maji ya kasi zaidi ili ung'oke. Lakini ukishang'oka, hautui upesi.

Tofauti ya kutua ndiyo siri ya sura ya nchi. Tuchukue chombo chenye maji yaliyotulia, kina cha mita moja. Punje ya mchanga yenye upana wa nusu milimita hufika chini kwa sekunde 15 hivi. Punje ya mfinyanzi yenye sehemu mbili za elfu za milimita huhitaji karibu siku tatu. Kwa hiyo mto unaposhuka kutoka mlimani na kupoteza kasi, huacha kwanza mawe, kisha changarawe, kisha mchanga, na kuendelea na tope jepesi pekee hadi mwisho wa safari. Rangi ile ya chai ya maziwa chini ya daraja la Ruvu ni mfinyanzi uliokataa kutua. Ndiyo maana pia maji ya mto huo, ambao ndio chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam, hayawezi kusafishwa kwa kuyaacha tu yatulie. Huwekewa kwanza dawa ya kugandisha, kama shabu, ili punje zishikamane na kuzama.

Mahali ambapo binadamu ameuzuia mto kwa bwawa, mizigo hiyo hutua kabla ya wakati wake. Bwawa la Ikowa, mkoani Dodoma, lilijengwa mwaka 1957, na Rapp na wenzake walipolipima miaka ya mwanzo ya 1970 walikuta mashapo yamekwisha kula sehemu kubwa ya nafasi yake. Bwawa la Mindu, linaloupa maji mji wa Morogoro kutoka Mto Ngerengere, limekuwa likilalamikiwa kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo. Bwawa huonekana limejaa, lakini nusu ya kilichojaa chaweza kuwa tope.

Mfinyanzi ulioponea njiani hukutana na maji ya chumvi karibu na Bagamoyo. Chumvi huzifanya punje zishikane zenyewe, zikazama, zikatengeneza tambarare za matope ambamo mikoko huota na kamba huzaliana. Udongo wa Uluguru ndio unaowalisha wavuvi wa Bagamoyo. Na ndio pia uliochangia kuunyima mji huo makuu: bandari yake ina maji mafupi, meli kubwa hazikuweza kukaribia, na mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam, kwenye mlango wa bahari wenye kina.

Dar es Salaam nayo ina mto wake. Msimbazi huanzia katika vilima vya Kisarawe, ukapita kati ya vitongoji vilivyojengwa hadi ukingoni, na kuingia baharini kwenye daraja la Salender. Kila kiwanja kinachosafishwa kule juu, kila barabara ya vumbi isiyo na mtaro, huupa mto huo mchanga. Mchanga hutua pale mto unapolala, yaani Jangwani, kitanda cha mto kikapanda mwaka hadi mwaka, na maji yakikosa nafasi mtoni huitafuta majumbani. Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walipoteza maisha jijini, na baadhi ya waliokuwa wakiishi bondeni walihamishiwa Mabwepande. Tulizoea kusema kwamba mto "umefurika". Ingekuwa sahihi zaidi kusema kwamba mto umejazwa.

Bahari inapodai mchanga wake

Kutoka kwenye mlango wa mto, mchanga huingia mikononi mwa mawimbi. Katika pwani ya Dar es Salaam upepo wa kusi, unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, huyaleta mawimbi kwa mshazari kutoka kusini-mashariki. Wimbi hupanda ufuo kwa mshazari na maji hurudi chini moja kwa moja, na kwa kurudia hilo mara elfu kadhaa kwa siku, mchanga husogezwa kuelekea kaskazini. Kaskazi ikianza, sehemu ya mchanga huo hurudishwa kusini, lakini kwa kuwa kusi ina nguvu zaidi, hesabu ya mwaka huishia kaskazini. Ufuo basi si kitu kilichosimama. Ni kama akaunti ya benki ambayo kila siku fedha huingia na kutoka, nao huonekana vile vile maadamu kinachoingia kinalingana na kinachotoka.

Huko Kunduchi hesabu hiyo ilivurugika. Fukwe za kaskazini mwa jiji zilikuwa zikilishwa na vijito vinavyoshuka kutoka bara, vikiwamo Mbezi na Tegeta. Jiji lilipokua, vijito hivyo vikawa machimbo ya mchanga wa kujengea. Malori yalichukua kwa mwaka mchanga ambao bahari ilikuwa ikiutegemea, na bahari ikaanza kujilipa yenyewe kwa kula ufuo. Hoteli ya Africana, iliyokuwa na jina kubwa zamani, iliachwa na kubomoka kwa sababu hiyo, na majengo mengine ya kijiji cha Kunduchi yalipotea au kubaki ukingoni. Uvuvi wa baruti ulizidisha hasara, kwani miamba ya matumbawe iliyokuwa ikivunja mawimbi kabla hayajafika ilivunjwa yenyewe.

Wenye hoteli zilizobaki walijenga kuta za mawe zinazoingia baharini ili kunasa mchanga unaopita. Kuta hizo hufanya kazi, na hapo ndipo penye kasoro. Upande wa kusini wa ukuta mchanga hujaa na ufuo hupendeza; upande wa kaskazini, ambao sasa haupokei kitu, huliwa kwa kasi kuliko awali. Jirani naye hulazimika kujenga ukuta wake, na jirani wa jirani vile vile. Nyumba nyingi nzuri za pwani hiyo zinasimama leo juu ya mchanga ambao vinginevyo ungekuwa mbele ya nyumba nyingine. Kiwango cha maji ya bahari duniani, kilichopanda kwa kiasi cha sentimita 20 tangu mwanzoni mwa karne ya 20, hakitoi nafuu kwa yeyote kati yao.

Mbali kidogo upande wa kaskazini, Kenya ina kisa kilicho kinyume kabisa. Huko Malindi mto Sabaki humwaga baharini udongo mwekundu uliotoka hadi Ukambani, na ufuo umekuwa ukipanuka kwa miaka mingi. Mwaka 2007 wanasayansi walitangaza matokeo ya kupima tumbawe lililokua hapo kwa miaka 300. Tumbawe hujijenga kwa tabaka kila mwaka, na katika kila tabaka huhifadhi dalili za udongo uliokuwamo majini. Karne mbili za kwanza zilikuwa tulivu. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba ya walowezi yalipofunguliwa na wenyeji kusukumwa kwenye maeneo finyu na yenye miteremko, dalili za udongo zilianza kupanda na hazikushuka tena. Ni nadra bahari kutunza kumbukumbu za bara kwa uaminifu wa namna hiyo.

Sehemu ya mchanga wa Sabaki huanikwa na jua ufukweni, ukapeperushwa na kurundikwa kuwa vilima kule Mambrui, kwani upepo nao ni mchukuzi. Ni mchukuzi dhaifu. Hubeba vumbi mbali sana lakini mchanga huusukuma tu kwa kuurukisha karibu na ardhi. Kwa subira, hata hivyo, hufanya makubwa. Karibu na Bonde la Oldupai, mkoani Arusha, lipo rundo la mchanga mweusi lenye umbo la mwezi mwandamo, lililotokana na majivu ya mlima Ol Doinyo Lengai. Upepo huchukua mchanga wa mgongoni na kuutua upande wa mbele, na kwa njia hiyo rundo zima huhama kiasi cha mita 17 kwa mwaka bila kutawanyika. Vibao vimewekwa nyuma yake kuonyesha lilikuwa wapi mwaka gani.

Barafu ina kazi ndogo katika nchi zetu, na inazidi kuwa ndogo. Katika miaka ya baridi kuu iliyopita barafu ya Kilimanjaro iliteremka chini sana kuliko ilipo leo, ikakwangua mwamba kama msasa na kuacha kingo za mawe yaliyochanganyika na vumbi. Mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilibaki chini ya mbili.

Rufiji, na swali la bwawa

Kwa ukubwa, hakuna mahali pwani ya Tanzania panapoonyesha ulimbikaji kama delta ya Rufiji. Mto huo hukusanya maji ya karibu sehemu moja ya tano ya nchi nzima, na mashapo yake yamejenga delta yenye msitu wa mikoko wa hekta zipatazo 53,000, mkubwa kuliko wowote katika pwani ya Afrika Mashariki. Watu wa Rufiji wameishi kwa kuyafuata mafuriko. Maji yanapopungua huacha tope jipya lenye unyevu na rutuba, na hapo hupandwa mazao ya mlau, yanayokomaa bila mvua. Mbolea hiyo hawajawahi kuilipia. Imetoka Iringa, Mbeya na Njombe, mashambani mwa watu wengine.

Mwishoni mwa mwaka 2022 lilianza kujazwa maji bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa katika korongo ambalo mto hupita kabla ya kufika tambarare hizo. Mitambo yake tisa ina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115 za umeme, na umuhimu wake kwa miji yenye kiu ya umeme hauhitaji kuelezwa. Lakini maji yanapoingia ndani ya ziwa kubwa hupoteza kasi, na mchanga hutua humo. Yanayotoka upande wa pili kupitia mitambo ni maji mepesi yasiyo na mizigo.

Misri ilishapitia njia hiyo. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970, tope la Nile, ambalo kwa maelfu ya miaka lilikuwa likitua mashambani na kwenye delta, lilibaki Nubia. Wakulima wakahamia mbolea za viwandani, na ncha ya delta kule Rashid ikarudishwa nyuma na bahari kwa kilomita kadhaa. Rufiji si Nile. Chini ya bwawa bado huingia mito midogo yenye mchanga, na mikoko ina uwezo wa kushika tope kuliko ufuo mtupu. Hata hivyo kanuni ya mchanga ni ile ile, na delta huanza kuonyesha njaa baada ya miaka mingi, wakati waliofanya uamuzi wamekwisha kustaafu.

Katika Mto Ruvu wenyewe, mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda ulitiwa saini mwaka 2022, ili Dar es Salaam isikaukiwe na maji wakati wa kiangazi. Jiji linalihitaji. Mchanga wa Uluguru utakaofika Kidunda utatua hapo, na umri wa bwawa utategemea sana yatakayotendeka katika miteremko ya juu: kama msitu utabaki, kama ngazi za Mgeta zitatunzwa, kama mkulima atapata chochote kwa kazi ya kuushikilia udongo ambao faida yake huonekana kilomita 200 mbali na shamba lake. Kule Bagamoyo, wanaovua kamba katika matope ya mlango wa mto wataijua hesabu yake baadaye kidogo.